Mraba wa Upande wa Kulia

Nikinusa wino wa kalamu nene, hurudi Mtopanga, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nikingoja dawa zahanatini, na muuguzi alikuwa akichora kwenye karatasi ya manila. Alikuwa amekusanya tafiti mbalimbali kuhusu vyandarua vilivyotiwa dawa. Kila utafiti ulipata mraba wake, uliopitiwa na mstari. Mstari ukiwa mrefu, uhakika ni mdogo. Miraba iliyo kushoto mwa mstari wa katikati ilisema chandarua chafaa; ya kulia, hakifai. Yote ilikaa kushoto, isipokuwa mmoja uliokaa kulia.

Daktari akapita, akakunja uso. "Huo mmoja waharibu picha. Utoe."

Muuguzi akashika wembe, akaanza kuukwangua.

"Mwanangu," akasema bibi mmoja aliyempakata mjukuu mwenye homa, "huyo mbona wamtoa?"

"Apingana na wenziwe, bibi."

"Kwetu posa haijibiwi mpaka mjomba mkaidi aitwe. Aketi, aseme hataki, kila mtu asikie. Kisha ndipo twaamua. Mrudishe."

Daktari akampa muuguzi kalamu. Muuguzi akauchora upya, mweusi kuliko mwanzo.

Bibi akaipitia miraba yote kwa kidole, taratibu. "Haya. Sasa nipeni hicho chandarua."

Siku hizi kompyuta huchora picha kama ile kwa kufumba na kufumbua, safi, bila alama ya wembe. Nami nikiona miraba yote imejipanga upande mmoja, hujiuliza: mjomba yuko wapi?