Nyasi juu ya Bati la Mzee Simioni

Hapa Mbalibali hakuna aliyeezeka nyumba kwa nyasi kama Simioni Mwikwabe. Miaka arobaini alikaa juu ya mapaa ya watu, akitugombeza sisi wa chini kwamba hatujui hata kufunga kicha cha nyasi. Kisha bati likaingia kijijini, mzee akakosa kazi na kununa mwaka mzima. Mwishowe bintiye Rose, mwalimu huko Mugumu, akaezua nyasi za nyumba ya mzee mwenyewe na kumwezekea bati.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mzee alichinja kuku, akashukuru. Popo wadogo walioishi kwenye nyasi tangu mkewe akiwa hai wakahamia chini ya bati bila kuomba ruhusa. Aliwapenda. Alidai wanakula mbu, tena hawambishii akiongea, sifa ambayo mimi jirani yake Joram sina.

Februari hii jua likawaka kupita kiasi. Siku ya tatu, saa nane mchana, akaniita. Popo walikuwa wameshuka ukutani, wanahema midomo wazi. Sakafuni walikuwa wamelala kumi na saba, wamekufa, wanne kati yao na watoto vifuani. Mzee alilia mbele yangu.

"Joram, nyasi za bondeni bado zipo?"

"Za nini?"

"Za kuezeka."

"Nyumba si ina bati?"

"Ndiyo maana!"

Kesho yake akapanda. Watu walikuja kumcheka mtu anayelivalisha bati koti. Yeye akafunga nyasi kwa kamba za katani, akinifokea kwamba vicha vyangu vimefungwa kitoto. Nina miaka sitini na mbili!

Ila kilichomtoa jasho hasa si jua, ni Rose. Kwetu, bati ambalo mtoto amemwezekea mzazi ni heshima inayoonekana toka barabarani. Kulifunika ni kumtangazia kila mpita njia kwamba zawadi haifai.

Jumamosi Rose akashuka kwenye bodaboda, mtoto mchanga mgongoni. Nusu ya paa ilikuwa imefunikwa.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, mwanangu."

"Bati langu liko wapi?"

"Lipo. Limejifunika kidogo."

"Kwa hiyo nimekupa kitu cha kukuaibisha? Tata, naomba hizo nyasi zishuke leo!"

Mzee akaanza kumweleza habari za popo, kisha akaacha. "Zitashuka," akasema. "Ingia kwanza umlaze mtoto." Akanipa ishara. Nikapanda ngazi, nikaanza kufungua kamba, nikiwa na hasira na wote wawili.

Rose alikawia ndani. Nikashuka kuchungulia. Mtoto alikuwa amelala kitandani, upande wenye nyasi. Upande wa magharibi, ambako bati lilikuwa bado wazi, popo mmoja alikuwa ukutani anahema, kitoto kimemng'ang'ania kifuani. Alikuwa akitambaa polepole kuelekea kwenye kivuli, akisimama kila baada ya hatua mbili.

Rose alikuwa amesimama karibu yake na kanga mkononi, anampepea.

Aliponiona, akafuta macho kwa pindo la kanga hiyohiyo.

"Baba mdogo," akasema, "mbona unafungua? Huku magharibi hamjaweka hata kicha kimoja."