Mlango wa Kijumba cha Mawe

Siku niliyooa, nilizuiwa na ngome ya Wajerumani.

Kilikuwa kijumba tu, ukingoni mwa Kariakoo panapoteremka kwenda Jangwani. Wajerumani walikijenga wapigie bunduki humo, wakaondoka, na baba mkwe akakifanya ghala la nazi zake za sokoni. Nyumbani kwake wageni walijaa hadi uani, basi wanawake wakamficha bibi harusi humo. Desturi yetu bwana harusi hufungiwa mlango mpaka aombe. Wenzangu hufungiwa mlango wa mbao. Mimi nilifungiwa wa chuma.

"Ukiugusa mlango kabla ya adhana ya alasiri, mke ni wako!" bibi yake bi harusi, mama yake baba mkwe, alinipigia kelele kutoka ndani. "Ukishindwa njoo kesho, mume wangu. Leo ulale na mto!"

Nilikuwa nikipita hapo kila siku nikienda kwa fundi seremala aliyenifundisha kazi, na sikuwahi kukitazama kwa makini. Siku hiyo nilikitazama. Kila ukuta ulikuwa na matundu membamba, kwa nje hata kiganja hakipiti, ila kwa ndani yalipanuka kama mdomo wa tarumbeta, mwanamke mmoja akaiona barabara nzima. Nikienda kushoto, jicho. Nikienda kulia, jicho jingine, na maji ya kata yakirushwa tunduni kunichapa kifuani. Rafiki zangu walikaa chini kwa kucheka.

Nikawaza: atazamaye tunduni hawezi kuona chini ya miguu yake. Nikajibandika ukutani, nikatambaa bega kwa jiwe hadi mlangoni. Salama! Juu ya mlango palikuwa na kijisanduku cha mawe kilichotokeza nje, nami siku zote nilidhani ni cha njiwa. Kumbe sakafu yake ina tundu. Ndoo nzima ikanishukia utosini.

Nilisimama kanzu inachuruzika, nimeinua uso, mdomo wazi. Jamani, akili gani hii! Mjenzi alijua mjanja atafuata ukuta, akamwekea tundu lake peke yake. Nikawa nalichunguza tu, namna mawe yalivyoshikana, nimesahau harusi.

"Gusa mlango, wewe!" sauti nyororo ikashuka tunduni. "Muadhini keshaanza kukohoa!"

Sikuwa nimewahi kuisikia sauti ile ikinisemesha kabla ya hapo. Nikaupiga mlango kwa viganja vyote viwili, na adhana ikaanza msikiti wa jirani.

"Mwari huna haya!" wanawake wakamfokea huku wakipiga vigelegele, na komeo la chuma likaanza kulia.