Baiskeli Iliyotoboa Chuma

Mwaka huu nilirudi Mususa, mtaa wetu wa zamani mjini Butembo, kumwona shangazi, nikapitia mahali nyumba yetu ilipokuwa. Sasa pana kibanda cha kuuzia uniti za simu, na kando yake kijana mmoja alikuwa anatoboa mlango wa chuma kwa mashine ya umeme. Harufu ya oili inayoungua juu ya chuma ilinifikia kabla sijaiona kazi yenyewe. Nilisimama pale muda mrefu, mpaka kijana akaniuliza, "Mama, uko unatafuta kitu?" Nikamwambia hapana, nikaendelea na safari. Lakini siku nzima harufu ile ilikuwa puani.

Ndiyo harufu niliyokulia. Baba alikuwa na atelie, karakana yake, nyuma ya nyumba, paa la mabati juu ya nguzo za mikaratusi, upande mmoja wazi, hivyo asubuhi ukungu wa Butembo uliingia mpaka kwenye meza ya kazi. Alitengeneza mbabula, yale majiko ya makaa, masanduku ya mabati ya wanafunzi, ndoo za kumwagilia miche ya kahawa, bawaba za milango. Mama alifariki nikiwa bado mgongoni. Aliyenilea ni mukaka, ndivyo sisi Wanande tunavyomwita bibi. Mukaka alipika viazi vitamu juu ya mbabula yenye mguu uliopinda, kwa sababu zile nzuri zote zilikwenda sokoni. "Siye tunapikia ku ile mbaya," alikuwa akisema, akicheka peke yake. Nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kuokota vipande vya mabati, kuchambua misumari, na kuwasha moto wa kuchomea chuma. Mikono yangu ilinuka kutu hata kanisani.

Tatizo la baba lilikuwa matundu. Bati jembamba halikumsumbua, lakini chuma kinene ilibidi akipeleke Kimemi, upande mwingine wa mji, kwa mtu mwenye mashine ya umeme, na mara nyingi alirudi nacho vilevile kwa sababu jenereta haikuwa na mafuta. Ndipo akaamua kutengeneza mashine yake kutokana na baiskeli ya marehemu babu. Kijana wa jirani, mtoto pekee wa mama aliyepakana nasi kwa uzio wa miti, ndiye aliyemtafutia vipande vilivyokosekana. Alikuwa karibu kumaliza shule, mwenye maneno mengi, na alizunguka mji mzima akiuliza vyuma vichakavu kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea.

Walihangaika nayo msimu mzima wa mvua. Baiskeli ilisimamishwa juu ya mbao, gurudumu la nyuma likatolewa, mnyororo ukazungusha fimbo ya chuma, na kwenye ncha yake baba akafunga meshi, ile ncha ya kutobolea. Ilihitaji mtu wa kukaa kwenye kiti na kukanyaga pedali wakati baba anashika chuma. Mtu huyo nilikuwa mimi. "Wewe ndiye moteri," kijana wa jirani aliniambia, akinipandisha. Nikakanyaga. Chuma kikalia, kikatoa moshi, nyuzi zake zinazong'aa zikaanguka chini, na ghafla pedali zikawa nyepesi. Baba aliinua kile kipande, akachungulia kupitia tundu, nikaona jicho lake upande wa pili. Mukaka alipiga vigelegele. Tangu siku ile watu walitoka hata Kimemi kuja kwetu, wengine na mashine zao za kumenya kahawa, wengine na vyuma vya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Miguu yangu iliuma usiku, na nililala nikiwa na furaha.

Kisha vita vikaingia kila mahali. Unajua ilivyokuwa. Leo askari hawa, kesho wale, shule imefungwa, imefunguliwa, imefungwa tena. Watu waliuawa wakienda mashambani. Mjomba wa kijana wa jirani alikutwa kwenye mahindi yake, na siku chache baada ya maziko kijana hakuonekana tena. Mama yake hakulia mbele ya watu. Alituambia tu juu ya uzio, "Ameingia mu pori na bale bengine," yaani vijana waliokuwa wakipigana na askari.

Alirudi mchana mmoja na wenzake wawili. Mimi nilikuwa napepeta maharagwe. Hakunitania. Alisalimia kwa heshima, akabaki amesimama.

"Papa, banatutuma. Tuko na mabomba ya maji. Tunataka mutu wa kutoboa na kufunga, ifanye bunduki."

"Miye natengeneza mbabula," baba alisema.

"Tunajua. Lakini na wewe unajua vile batu banakufa ku mashamba. Utabaki tu na mbabula?"

Baba aliokota kipande cha bati, akakigeuzageuza. Swali lile halikuwa la kipumbavu. Mwishowe akasema, "Mashini iko mbovu. Munyororo ilikatika."

"Basi uitengeneze. Tutarudia."

Mnyororo haukuwa umekatika. Walipoondoka baba aliketi kwenye kiti cha baiskeli, miguu ikining'inia, mpaka mvua ikaanza kupiga mabati. Hapo akaniita. "Leta funguo za nati. Tunaifungua."

Nilimuuliza kwa nini tusiivunje kwa nyundo, ingekuwa haraka. Akasema, "Hapana kuvunja. Hii ni kazi." Basi tuliifungua nati kwa nati, mvua ikifunika sauti yetu. Mnyororo ulikwenda kwenye baiskeli ya katekista. Fremu alipewa mtu wa chukudu. Zile meshi, alizozifuta oili kwa kitambaa kila Jumamosi, alizitumbukiza chooni mwenyewe. Mimi nilikuwa nalia, na mukaka hakuninyamazisha.

Waliporudi walikuwa wengi zaidi. Mkubwa wao alitazama zile mbao tupu, akainama, akagusa alama za nati, wala hakukasirika. Alimwonyesha baba kwa kidole, akawaambia wenzake, "Mashini ni huyu mwenyewe." Wakamchukua na nyundo yake, tupa yake, na ile eto nzito ya kubania chuma. Kijana wa jirani ndiye aliyeibeba eto begani. Alipita karibu yangu akitazama chini.

Mukaka alifagia atelie kila asubuhi, kana kwamba baba amekwenda sokoni. Majirani wengine waliacha kuingia kwetu, wakisema baba ni fundi wa bunduki. Wengine walianza kutusalimia kwa heshima mpya, kwa sababu hiyohiyo, na hao ndio waliomtisha mukaka zaidi. Askari walikuja kuuliza baba aliko. Mukaka aliwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye sombe, majani ya muhogo aliyokuwa anayatwanga: "Iko Beni. Alienda kutafuta mabati." Walipotoka, aliacha mchi kwenye kinu, akaenda kuhakikisha wamefika barabarani.

Baba alirudi akitokea kweli upande wa Beni, juu ya kamioni ya kahawa, miguu mitupu, ndevu zimejaa vumbi. Mukaka alimpa maji, kisha bukali, ugali wetu, na sombe, akasema tumwache ale kwanza. Alikula polepole, kama mgonjwa. Mimi sikuweza kungoja.

"Papa, ulitengeneza bunduki?"

Mukaka alinifinya paja. Baba alinawa mikono, akaikausha kwa shati.

"Nilifanya yenye balisema nifanye."

Hakusema zaidi siku ile, wala miaka iliyofuata, hata jinsi alivyotoka porini. Alirudia kazi ya mbabula, lakini kwa nyundo ya kuazima, na vipande vya bati vilipojaa miguuni hakuniita tena kuviokota.

Kijana wa jirani alirudi baadaye. Tulimsikia mama yake akipiga kelele, tukakimbilia kwenye uzio tukidhani amekufa. Alikuwa hai. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na ndani ya kitambaa, kilipofunguliwa, palibaki dole gumba tu. Bunduki ilikuwa imempasukia mkononi, moja ya zile za bomba.

Baba aliingia kwao, akachuchumaa mbele yake.

"Ilikuwa ya kwangu?"

"Papa, sijue. Zilikuwa mingi. Zote zilifanana."

Baba alitikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akatoa uzi mfukoni, akaupima mkono wa kijana kuzunguka kifundo. Siku zilizofuata alikata ngozi ya kiatu kikuukuu, akaizungushia ukanda wa bati aliousugua kingo zake mpaka zikawa hazikwaruzi, akaweka pete ya kushikia mpini wa jembe. Eto haikuwa imerudi, hivyo nilishika chuma kwa koleo, na matundu aliyatoboa kwa msumari uliowekwa motoni. Yalitoka yamepinda. Aliyarudia. Mukaka alimwambia inatosha, akarudia tena.

Kijana aliivaa, akaenda kulima maharagwe ya mama yake. Asubuhi ile baba alisimama kwenye uzio akitazama jembe likipanda na kushuka. Sikuona fahari usoni mwake. Mstari ulipoisha, kijana aligeuka, akamwona, akainua jembe kidogo kumsalimia. Baba aliingia ndani. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichotengeneza. Msimu uliofuata kijana alikwenda Kamango kufuata biashara ya mpakani, na baba akaanza kuuza chumvi na sabuni sokoni, kazi asiyoipenda, mpaka tulipomzika.

Leo Butembo imejaa milango ya chuma, na kitu kikiharibika tunanunua kingine. Mukaka hayupo, uzio haupo, wala sijui mama wa jirani alihamia wapi. Nikisikia chuma kikilia, miguu yangu bado inataka kukanyaga. Natamani zile siku za mwanzo, mtu alipoingia uani kwetu na kipande cha chuma mkononi, na baba akakipokea bila kumuuliza kinakwenda kufanya nini.