Wimbo wa Moshi wa Abla Sokpoli

Abla Sokpoli, binti Agbodza mpiga ngoma, mjukuu wa Dzatugbui yule aliyemwimba mkusanya kodi wa Waingereza mpaka bwana mkubwa akaondoka na mfuko mtupu, kofia akaisahau; mwanamke aliyezika waume wawili na kumfukuza wa tatu; aliyelima vitunguu vyekundu kwenye ule ukanda mwembamba wa mchanga kati ya ziwa na bahari, akasomesha watoto watano kwa vitunguu hivyo hivyo. Jina lake la kinywaji, lile ambalo mtu wa Anlo, kwetu Waewe wa pwani ya Ghana, hulitaja kabla tone la kwanza halijapita kooni, ni Pilipili Hailiombi Jicho Radhi.

Lakini si vitunguu vilivyomfanya ajulikane. Ni matusi.

Nisieleweke vibaya. Matusi ya mlevi hata mbuzi anayaweza. Ya Abla yalikuwa ya halo, ngoma ya mitaa miwili kukaa uso kwa uso na kuambiana ukweli kwa wimbo, kila upande na mtunzi wake na sanamu yake ya mti iliyochongwa kumdhihaki mwenziwe. Serikali iliipiga marufuku Abla akiwa msichana, maana watu walikuwa wakimaliza wimbo wanashikiana magongo. Siku hizi imerudi, huchezwa wakati wa sherehe za mji, na polisi mmoja hukaa mbele kulinda amani. Huyo polisi ndiye anayecheka kuliko wote.

Sheria ya halo ni moja: wimbo mmoja, mkosaji mmoja. Mkosaji lazima awe na uso, pua na mama yake. Huwezi kuitukana hali ya hewa. Haina mama.

Sasa mwaka ule bahari ilikuwa imelila kanisa la Mtaa wa Pwani, ikabakiza mnara wa kengele umesimama majini kama mtu aliyesahau alichofuata. Redioni kukawa hakukaliki. Msomi mmoja akasema ni moshi wa viwanda vya Ulaya, unaipasha dunia joto, barafu inayeyuka, bahari inapanda. Msomi wa pili akasema moshi gani, ni malori yanayozoa mchanga wa ufukweni. Kila mmoja alipotaka kueleza zaidi, mtangazaji alimkatiza: "Bwana, muda wetu mfupi. Moshi au mchanga? Neno moja!" Mchungaji akapiga simu kusema ni uzinzi.

Mjini nako kila mtaa ulichagua ukweli usiougusa mfuko wake. Vijana wa Mtaa wa Pwani walikuwa wakijaza mchanga kwenye malori, kwa hiyo huko mchanga hautajwi. Mtaa wa Ziwani, kwa akina Abla, kila tuta la vitunguu lilikuwa na kisima chake na kila kisima pampu ya umeme iliyonguruma kutwa, kwa hiyo huko pampu hazitajwi.

Mtunzi wa Pwani alikuwa Kosiwa Agbenu, hirimu ya Abla, mwembamba, mkali kama mwiba wa samaki. Siku ya halo alisimama akaimba:

*Watu wa Ziwani, midomo ya mirija,*
*mmefyonza maji chini ya nyayo zetu,*
*ardhi imebaki ganda la yai,*
*mnashangaa ikivunjika?*

Wimbo ulichoma. Jibu la kawaida lilikuwa mchanga, lakini Abla alikwisha kuimba mchanga miaka miwili, na mwanamke mwenye fahari harudii nguo ya sikukuu. Akaamuru sanamu yake ifunuliwe. Mzungu! Pua ndefu kama bomba la moshi, na ndani ya pua wameweka kaa la moto, linafuka kweli kweli.

*Mzungu, pua ya bomba,*
*unapika nini kisichoiva?*
*Moshi wako umeyeyusha barafu ya babako,*
*maji yake yamekuja kulala kitandani kwangu.*

Loo! Ziwani wakacheza. Na Pwani wakacheza. Mitaa yote miwili ikacheza wimbo mmoja, jambo lisilowahi kutokea tangu mji uwe mji. Polisi akavua kofia akaingia uwanjani. Kosiwa peke yake alibaki kwenye kigoda chake.

"Nani amelia?" aliuliza. "Eti, nani amelia hapa? Halo asipolia mtu ni harusi."

"Wivu huo, shoga," Abla akamjibu, huku akifutwa jasho na watu wawili.

Redio ikauchukua wimbo, ukapigwa asubuhi na jioni. Abla alitembea sokoni kama mke wa waziri. Ila baada ya muda alianza kusikia mambo. Wapakiaji wa malori walikuwa wakiuimba wakichota mchanga, *unapika nini*, sepetu chini, *kisichoiva*, sepetu juu, na mdundo wake uliwafaa hasa, wakajaza malori mengi kuliko zamani. Mwanawe Kodzo alinunua pampu ya pili. Kisha upepo mkavu wa jangwani ulipoanza kuvuma, Abla akakuta ncha za majani ya vitunguu vyake zimeungua. Akachota maji ya kisima akayaonja. Akayatema.

Chumvi.

Matuta yale aliachiwa na mama yake. Kisima kikienda na chumvi, hakirudi kwa maombi. Akamwita Kodzo.

"Zima pampu moja. Unavuta maji matamu yote, bahari inaingia kwa chini."

"Mama, si pampu hiyo. Ni Mzungu."

"Mzungu gani yuko kisimani kwangu?"

"Pua ya bomba," Kodzo akasema, na mjinga yule akachezesha mabega kidogo.

Abla akashuka ufukweni, akasimama mbele ya lori. Dereva akamwamkia kwa adabu zote, akateremka, akamkumbatia, akawaita wenzake wamwone mtunzi mwenyewe, wakamwimbia wimbo wake mwanzo hadi mwisho. Halafu wakaendelea kupakia. Alipiga simu redioni, mtangazaji akafurahi mno: "Mama Abla! Moshi au mchanga?" Akasema, "Moshi, na mchanga, na pampu zetu, na..." Mtangazaji akasema muda umekwisha, akaweka wimbo.

Hapo ndipo alipojua amefungiwa mlango kwa kufuli alilolitengeneza mwenyewe. Katika halo mtu hajijibu. Wimbo wa Abla ungeweza kuuawa na mtu mmoja tu.

Alimkuta Kosiwa uani akisonga ugali wa akple. Hakukaribishwa kiti, akakaa.

"Nataka unitukane," akasema.

Kosiwa hakugeuka. "Leo? Nina mwiko mkononi."

"Siku ya sherehe. Unitukane mpaka nilie. Nimekuja na maneno, nimekurahisishia kazi."

Mwiko ukasimama. "Wewe Abla! Unaniletea matusi nyumbani kwangu kama mtu anayepeleka chumvi kwa jirani maskini? Unadhani mimi siwezi kukutukana?"

"Miaka yote hujaniliza hata siku moja."

"Kwa sababu huna machozi, una vitunguu tu! Toa maneno yako tuyasikie."

Abla akayasema. Kosiwa akasikiliza, akanusa kama anayepima samaki.

"Mstari wa pili mbovu. Unajipendelea."

"Wapi?"

"Umejiita nyati. Nyati! Wewe ni bata. Na maneno yako uende nayo, nitatunga ya kwangu. Ila sikia: watu wangu sitawagusa. Mchanga ndio unaowalisha."

"Sikukuomba watu wako."

"Na usijibu."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Asiyejibu halo hujifunika kitambaa kichwani mbele ya mji mzima, na kitambaa hicho watoto wa watoto wake watasimuliwa. Abla akavifikiria vitunguu vyake vilivyoungua ncha.

"Sitajibu," akasema.

Siku ikafika. Pwani wakafunua sanamu: Abla mtupu, matako kama mitungi, na mahali pa mdomo wamechomeka mdomo wa pampu. Watu wakaangua kicheko. Abla alikunja uso, si kwa aibu, bali kwa sababu matako waliyapunguza. Kosiwa akaimba:

*Abla Sokpoli, bata wa Ziwani,*
*jicho lake linaona moshi wa Ulaya,*
*halioni mkono wa mwanawe kisimani.*
*Umemtukana asiyesikia Kiewe*
*ili walio karibu walale usingizi.*

Ziwani wakageuka kumtazama mtunzi wao, wakisubiri jibu. Ngoma ikasubiri. Kodzo akapaza sauti, "Mama, mchome!" Abla akainuka, akafungua kitambaa cha kiunoni, akajifunika kichwa.

Hata polisi hakucheka.

Kosiwa alisimama akiitazama ile khanga iliyofunika kichwa cha adui yake wa ujana na wa uzee. Alikuwa ameutamani ushindi huo tangu akiwa na meno yote, na sasa umefika, ukamkaa vibaya. Akageuka. Akawapa mgongo watu wa Ziwani, akawaangalia watu wake mwenyewe, na bila kupatana na mtu yeyote, akaimba:

*Na nyinyi mlioucheza wimbo wake*
*huku sepetu zimo mikononi,*
*kanisa mmeliuza kwa lori,*
*nani atawazika, na wapi?*

"Wakosaji wawili!" mtu akapiga kelele. "Hairuhusiwi!"

"Kanishtaki!" Kosiwa akajibu.

Magongo yalitokea kidogo, polisi akapata kazi. Lakini mwanamke mmoja wa Pwani, mama wa dereva wa lori, alikuwa analia, na wimbo ulioliza mtu hauwezi kurudishwa mfukoni. Togbi, mkuu wa mji, hakuwa na njia ila kuwaita wote wawili uani kwake. Malori yakazuiwa kupita upande wa mnara; upande wa pili wanachota mpaka leo, sitasema uongo. Pampu huzimwa mchana. Kodzo alinuna hadi mvua. Kisima cha Abla bado kina chumvi kidogo, lakini vitunguu vya msimu uliofuata vilitoa majani ya kijani mpaka nchani.

Redioni walimwita aeleze kama amebadilisha mawazo: si moshi tena? Hakwenda. Alimwita mkwewe Enyonam, mke wa Kodzo, mwanamke mwenye sauti nzuri na ulimi aliokuwa akiuficha kwa heshima.

"Enyonam, halo ijayo utasimama wewe."

"Mimi, Mama? Nimwimbe nani? Mama Kosiwa?"

"Kosiwa mwachie mkwe wake. Wewe una wale wa moshi."

"Si tuliambiwa tuwaache?"

"Nani kakwambia? Moshi ni wao, na bahari inapanda kweli. Mimi niliwafanya pazia tu la kuwafichia wanangu. Bado hawajatukanwa sawasawa." Akamsogezea kigoda. "Kaka yako si yuko Hamburg? Mpigie. Mwambie akutafutie mmoja wao, mwenye jina, mwenye bomba lake mwenyewe, anayeweza kulia. Uliza na jina la mama yake."

Enyonam akafikiri kidogo. "Na wimbo atausikiaje, Mama?"

"Hiyo," Abla akasema, "ndiyo kazi ninayokupa."