Walipokuja Kunitolea Damu

Naitwa Kyalo. Nakaa Kayole, orofa ya nne, na siku hizi nikipanda ngazi lazima nipumzike orofa ya pili, nishike ukuta, nijifanye natafuta funguo mfukoni. Nimepona, namshukuru Mungu. Lakini mwili haujasahau, na mimi bado naogopa. Ukitaka ushuhuda wa mtu aliyeamka akaruka kama ndama, tafuta mwingine.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa baiskeli. Nilianza kwa kusambaza mkate asubuhi kwa blekimamba, ile baiskeli nzito ya chuma, kreti mbili nyuma, kutoka Spine Road mpaka Fedha. Mtu wa klabu ya baiskeli akaniona nikipita magari mlimani na mkate wangu, akanialika mazoezini. Klabu ikanipa baiskeli nyepesi. Miaka mitatu nilishindana na kurudi nyumbani mikono mitupu. Kisha nikashinda Machakos, nikashinda Naivasha, na timu ndogo ya ng'ambo ikanisajili kwa mshahara. Kati ya kutoshinda na kushinda kulikuwa na sindano.

Watangazaji huziita dawa za kusisimua misuli. Yangu haikusisimua kitu. Ni dawa wanayopewa wagonjwa wa figo ili wapate damu. Ukimpa mtu mwenye figo nzima, damu inazidi, inabeba hewa nyingi, na miguu haichoki upesi. Mwendeshaji mmoja mstaafu ndiye aliyeniuzia, akaniambia kundi lote la mbele linatumia. Sikumuuliza amejuaje. Nilitaka iwe kweli.

Vichupa nilivificha kwenye friji yetu ndogo, ndani ya kopo la majarini. Katunge, mke wangu, nilimwambia ni vitamini. Aliniamini, maana sikuwa nimewahi kumpa sababu ya kutoniamini.

Mashabiki walikuja na ushindi. Aliyewakusanya ni Mama Shiko, jirani wa chini, muuza mitumba, mama wa sauti kubwa ambaye hajawahi kukalia baiskeli maishani. Alifungua kundi la simu, akashonesha fulana za njano zenye jina langu mgongoni. Nikishindana ng'ambo walichanga pesa za bando la intaneti, wakabanana kwenye kibanda chake kutazama mbio kwenye simu moja. Mama Shiko alijifunza kila kitu: nani anamkinga nani upepo, nani anajificha nyuma, nani ataishiwa. Watu waliacha kuuza viatu ili wanitazame nikipanda mlima ambao hata jina lake hatukuweza kulitamka.

Kabla yangu walikuwa wakimshangilia kijana wa Dandora. Alipokamatwa na dawa, Mama Shiko alichukua fulana zake zote, akazikata kwa makasi, zikawa matambara ya kupigia deki. Nilikuwepo.

"Mwizi wa kuku unamchapa, yanaisha," alisema. "Huyu ametuibia furaha, na sisi tulikuwa tumeshaitumia. Sasa tutamrudishia nani?"

Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Tangu siku hiyo niliogopa kibanda kile kuliko wapimaji wa mkojo.

Ugonjwa ulianza polepole. Kichwa kiliniuma kila siku, masikio yakavuma, macho yakawa mekundu kama nimelala kwenye moshi. Niliporudi kutoka mbio za mwisho, baada ya kukaa kwenye ndege saa nyingi, niliona mguu wa kushoto umevimba. Mguu mmoja tu. Ukibonyeza shavu la mguu kwa kidole, shimo linabaki. Nikasema ni uchovu wa safari. Siku tatu baadaye nilihisi kitu kikinichoma chini ya mbavu kila nikivuta pumzi, nikaanza kukohoa, na kwenye leso nikaona damu.

Kliniki ya mtaani waliniambia ni nimonia. Mhudumu aliuliza kama natumia dawa yoyote. Nikasema vitamini tu. Akanipa vidonge na kuniambia nipumzike. Simlaumu, maana alitibu uongo niliompa.

Nilizidi kudhoofika. Mama Shiko alikuja kunitazama, akanishika kope, akanigeuza viganja, akatoa hukumu: "Huyu hana damu." Kwetu mgonjwa akilegea, hilo ndilo jibu la kwanza. Kuanzia jioni ile ngazi zetu hazikupumzika. Huyu kaleta juisi ya bitiruti, yule maini, mwingine mboga ya managu kwenye bakuli lililofunikwa. Nilikula vyote, na nilipobaki peke yangu nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natokwa na jasho. Nilifungua kopo la majarini. Nilikuwa nimebakiza kichupa kimoja, nikajidunga. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kila udhaifu dawa yake ni damu zaidi. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Alhamisi nilianguka kwenye ngazi. Majirani walinibeba kwa blanketi, nikapelekwa hospitali kubwa, nikawekewa hewa ya mtungi puani. Picha ilionyesha damu imeganda mguuni, na kipande kimekatika na kusafiri mpaka kwenye pafu. Daktari wa wodi alikuwa mama mmoja mtulivu, asiyeinua sauti, na utulivu wake ndio ulionitisha.

"Damu yako ni nzito sana," aliniambia. "Nikiivuta inakuja kama uji. Umeishi milimani?"

Nikasema nimefanya mazoezi Iten, kule juu ambako mwili huongeza damu wenyewe. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa kweli ya miezi mitano nyuma.

"Kuna kitu unajidunga?"

Katunge alikuwa upande wa kulia wa kitanda, Mama Shiko kushoto, amevaa fulana yangu. Nikasema hapana.

Daktari alisubiri mpaka wageni wakatoka, akavuta pazia, akarudia swali. Alinieleza taratibu. Kama ni sindano, angejua damu itaendelea kuongezeka kwa siku kadhaa, na angeitoa mapema zaidi. Kama si sindano, basi huenda ni saratani ya damu, na kesho wangenichoma mfupa wa nyonga kutafuta. "Nikikisia vibaya naweza kukupoteza," alisema. Nyuma ya pazia, mlangoni, nilisikia sauti ya Mama Shiko akimwambia askari wa hospitali mimi ni nani na nimeshinda wapi na wapi. Nikasema hapana mara ya pili.

Nataka mwenye kusoma aelewe hili. Si kwamba sikujua naweza kufa. Nilijua. Nilipima kifo na yale matambara ya deki, na matambara yakawa mazito zaidi.

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, walifika watu kumi na mmoja wa Kayole, wote kwa fulana za njano. Walikuwa wameshakunja mikono ya mashati waliyoyavaa chini ya fulana. Hakuna aliyewaita. Kwetu mtu akilazwa, baada ya kuchanga, kinachofuata ni kutafuta wa kumtolea damu, na Mama Shiko alikuwa ameandika kwenye kundi asubuhi ile kwamba Kyalo hana damu, asiyeogopa sindano aje. Fundi viatu alikuja. Muuza makaa alikuja. Shemeji yangu anayezimia akiona kuku akichinjwa alikuja.

Daktari aliwakuta wamejipanga kando ya kitanda changu. Aliwatazama, kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Asanteni sana," alisema. "Lakini huyu hahitaji kuongezwa damu. Anayo nyingi kupita kiasi. Hivi tunataka kuanza kumpunguzia."

Akaenda kutayarisha vifaa. Wao wakabaki wakitazamana na mikono ya mashati yao imekunjwa. Mama Shiko aliinama karibu na uso wangu.

"Kyalo, damu nyingi inatoka wapi? Kuna mtu alikuwekea kitu? Ni wale wa timu ingine, si ndio?"

Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe. Ningeitikia kwa kichwa tu, ningekuwa mtu aliyelishwa sumu na wivu, na Kayole yote ingenililia. Nilikuwa karibu kuitikia. Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji kwa mkono wa kulia, na kikombe kikaanguka. Sikukiachilia. Mkono haukuwa wangu tena.

Nikaona uso wa Katunge ukibadilika, nikajua kuna jambo linaonekana kwangu. Nusu ya mdomo ilikuwa imeshuka. Nikasema, "Katunge." Nilisikia mwenyewe kilichotoka, na halikuwa jina la mtu. Ulikuwa mlio tu, na mate yakafuata.

Sijawahi kuogopa hivyo, na naomba nisiogope tena hivyo. Hapo ndipo nilipotaka kusema. Miaka miwili ulimi ulikuwa mzima nikaufunga mwenyewe, na sasa nilikuwa na maneno mawili tu, "ni sindano", na sikuweza kuyatoa. Nesi aliita, watu wakafukuzwa, lakini Mama Shiko hakuweza kuondoka kwa sababu nilikuwa nimemshika kwa mkono wa kushoto, ule mzima, na sikumwachilia. Daktari alirudi mbio. Niliwatazama wote watatu, mke wangu, jirani yangu na daktari, nikaomba Mungu kimoyomoyo, nikimwambia ukinirudishia mdomo dakika moja tu nitautumia vizuri.

Daktari aliniambia baadaye kwamba zilikuwa kama dakika kumi. Kwanza vidole vikawasha, kisha mdomo ukaanza kunisikia. Sikungoja unyooke. Nilisema kwa sauti ya mlevi, lakini nilisema.

"Ni sindano. Ya wagonjwa wa figo. Miaka miwili. Ya mwisho Jumanne."

Daktari hakushangaa. Alimgeukia nesi, akatoa maagizo. Katunge alikaa chini sakafuni. Mama Shiko alitoa mkono wake kwenye mkono wangu, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akateremsha mkono wa blauzi aliyoivaa chini ya fulana, akafunga kifungo, akatoka.

Walinitoa damu mchana ule, na siku ya pili, na ya nne. Iliteremka kwenye mfuko kando ya kitanda, nyeusi, polepole, kama haitaki kuondoka. Mkono mwingine uliingizwa maji. Tumboni walinidunga sindano za kuzuia damu isigande, mpaka ngozi ikawa na madoadoa ya zambarau. Nilipokohoa niliogopa. Nilipoacha kukohoa niliogopa pia. Nilikaa humo siku kumi na nane.

Katunge hakunigombeza. Alienda nyumbani, akarudi na lile kopo la majarini, akaliweka mbele ya daktari lote kama lilivyo. Siku ya kuruhusiwa ndipo aliponiuliza, "Zile asubuhi nilizofunga nikikuombea ushinde, wewe ulikuwa unaniangalia ukisema nini?" Sikutafuta jibu la kumdanganya.

Niliwaandikia wakubwa wa mchezo barua mimi mwenyewe. Nimefungiwa, ushindi umefutwa, timu imenitema. Hayo nilitarajia. Sikutarajia jinsi mashabiki wangegawanyika. Wengine walijitoa kwenye kundi bila neno. Wengine wanasema wote hutumia, mimi nilikosa bahati tu. Na kuna wale ambao hawataki kusadiki kabisa, na hao ndio wananitisha zaidi. Juzi hapa Spine Road muuza matairi alinikumbatia, akaniambia, "Buda, sisi tunajua ulisingiziwa. Tuko na wewe." Nikamwambia sikusingiziwa, nilijidunga kwa mkono wangu. Akanikonyeza. "Sawa, naelewa. Kuna vitu huwezi ongea."

Kila asubuhi, kabla sijateremka kitandani, nasema jina langu kwa sauti, nisikie kama limetoka lote. Katunge ameshazoea. Namshukuru yeye, namshukuru daktari yule na manesi wake, na nawashukuru walionibeba kwa blanketi bila kujua walikuwa wamembeba nani.

Ndugu yangu unayepanda baiskeli, ukiona mguu mmoja umevimba, usiseme ni safari. Daktari akikuuliza, jibu. Ukishindwa kujibu mbele ya watu wako, mwombe awatoe nje, lakini jibu siku hiyohiyo, kwa sababu ulimi si wako milele. Nawe unayeshangilia, usimpende mtu kiasi cha kumfanya aogope kukwambia ukweli. Najua si kosa lako. Bado nakuomba.

Mama Shiko alininyamazia miezi minne. Tulipishana kwenye ngazi kama wageni. Jumapili moja baada ya kanisa alibisha mlango, akakataa kiti.

"Niko na swali moja," alisema. "Kati ya zile mbio zote tulishangilia, gani ilikuwa yako?"

"Hakuna, Mama Shiko."

"Hata moja?"

"Mlizoshangilia nyinyi, hakuna."

Alitazama sakafu. Nilimwona akitaka kuondoka, nikaona aibu ya mwisho ni afadhali nimpe. Nikamwambia kulikuwa na moja zamani, Kangundo, kabla ya sindano, kabla ya fulana. Matope, mvua, mnyororo ulitoka mara mbili. Nilikuwa wa nne.

"Wa nne," alisema. "Na nani alikuwa huko kukuona?"

"Hakuna mtu."

Akavuta kiti, akaketi, akaweka mkoba mapajani. "Haya, anzia pale mlianzia."

Nikamsimulia yote, kona kwa kona, na alinikatiza mara nyingi kuuliza nani alikuwa mbele na kwa nini sikumfuata. Nilipofika mstari wa mwisho alipiga makofi. Katunge akachungulia kutoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Kyalo amekuwa wa nne," Mama Shiko akamwambia.