Niliweka balbu ya LED ya chaji kwenye mashine ya kusafishia picha, na mama wa watu akarudi mara tatu

Wakuu, salamu kutoka Kasese, magharibi ya Uganda.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri kuliko hii mtakayoisoma. Kiswahili changu ni cha huku kwetu, mkikuta kimepinda mkinyooshe.

Mimi ni mpiga picha. Msifikirie makubwa: passport size, harusi, na watoto wa nursery wakimaliza mwaka na majoho yao. Nina kastudio hapa mjini, na nyuma yake kuna darkroom, chumba cha giza cha kusafishia picha, niliyoachiwa na marehemu baba mdogo, aliyenifundisha kazi enzi za filamu.

Humo ndani kuna enlarger. Kwa wale mliozaliwa na simu mkononi: ni mashine ya kukuzia picha. Juu ina balbu, katikati unaweka negative, yaani kipande cha filamu, chini unaweka karatasi ya picha. Mwanga unapita sekunde chache, unazima, unaitia karatasi kwenye dawa, sura inatokea.

Sikuwa nimeiwasha kwa miaka. Lakini kwa kuisifia, hakuna mteja aliyepona. Mtu amekuja picha ya kitambulisho, mimi namfungulia mlango wa nyuma aione. "Sisi wengine tulisafisha picha kwa mkono, bwana." Mke wangu akisikia hiyo sentensi anatoka nje.

Basi siku moja mdomo ukaniponza.

Akaja mama mmoja Mwislamu kutoka Bwera, mpakani, anauza vitenge. Anaitwa Mama Zaitun, umri kama miaka hamsini na kitu. Akatoa bahasha kuukuu, ndani kipande cha negative.

"Fundi, mama yangu iko humu," akasema. "Alikufa mimi nanyonya. Sura yake siijui."

Wakuu, nilikaa chini.

Akanieleza. Mama yake alikuwa akichota chumvi kule ziwani Katwe. Mpiga picha wa kupita akawapiga wanawake wanne wakiwa ndani ya maji ya chumvi. Picha zenyewe zilipotea, ikabaki hiyo negative kwa shangazi, na shangazi alimwambia kitu kimoja tu: mama yako ni wa kwanza kushoto. Tangu utotoni anainyanyua juani, anaangalia, anaona kivuli.

Najua mnataka kuandika "si ungepiga na simu ukageuza rangi?" Tulifanya hivyo palepale. Uso wenyewe kwenye negative ni kama punje ya mtama. Simu ikasogea, ikatoa ukungu. Studio mbili alizopitia kabla yangu zilimpa ukungu uleule.

Hapo nikatunisha kifua. Nikamwambia, "Mama, umefika. Alhamisi njoo uchukue mama yako."

Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Mpaka leo nikikumbuka nasikia joto masikioni.

Alipoondoka tu nikakimbilia darkroom, nikawasha mashine. Balbu ikafanya "tik", ikafa.

Nikaenda madukani. Balbu za zamani, zile za kiuzi cha ndani, hakuna. Duka la kwanza hakuna, la pili hakuna, la tatu muuzaji akaniuliza kama nimetoka jela. Zote ni LED siku hizi.

Nikasema poa, mwanga ni mwanga. Na kwa vile najiona mjanja, sikuchukua LED ya kawaida. Nilichukua ile ya chaji, yenye betri ndani, ambayo umeme ukikatika yenyewe inaendelea kuwaka. Umeme wetu mnaujua. Nikajisifu njia nzima: baba mdogo hakuwahi kuwa na kitu kama hiki.

Sasa sikilizeni akili yangu ilivyofanya kazi.

Nilikuwa na karatasi saba za picha zimebaki duniani. Hazipatikani hapa, na hata wa Kampala niliyempigia aliniuliza ni karatasi za nini. Moja nikaiacha kwenye mfuko wake mweusi kwa sababu ilikuwa imenata chini. Sita nikazitoa zote, nikazipanga mezani chini ya taa nyekundu kama mtu anayegawa karata. Eti nisipoteze muda.

Nikaweka ya kwanza. Nikabonyeza taima, sekunde kumi. Balbu ikawaka. Sekunde kumi zikaisha, taima ikakata umeme.

Balbu ikaendelea kuwaka.

Nikabonyeza tena. Inawaka. Nikachomoa waya wa taima ukutani. Inawaka! Ile balbu imeona umeme umekatika Kasese, ikajua kazi yake imeanza. Baadaye fundi umeme alinieleza kwamba taima nyingine za zamani zinaacha njia ndani ya waya, balbu ya chaji inadanganyika. Wakati ule mimi nilijua ni mapepo.

Nikasema niifungue kwa mkono. Mikono yangu ilikuwa imelowa dawa.

Kama hujui, balbu ya namna hiyo ukiishika kitako na vidole vilivyolowa, inawaka mkononi. Watoto wanaichezea hivyo. Mimi sikujua. Nimeitoa kwenye mashine, imening'aria kiganjani kama jua la saa sita, na karatasi zangu tano zimelala mezani zinaitazama.

Nikapiga kelele. Nikaigeuza huku, ikawaka. Nikaigeuza kule, ikawaka. Nikaona dawa ni kuificha, nikaibana kwapani.

Wakuu, kwapa lina jasho.

Mke wangu alipofungua mlango kuuliza kuna nini, alinikuta nimesimama katikati ya chumba cha giza, kwapa linang'aa. Alifunga mlango taratibu, na kwa kuufungua alikuwa amemalizia kuunguza kile kilichobaki. Karatasi zote sita zikatoka kwenye dawa nyeusi tii.

Ikabaki moja. Ile iliyonata.

Alhamisi Mama Zaitun akaja. Ningemwambia ukweli ningepungukiwa nini? Nikamwambia dawa bado haijakomaa. Dawa, kana kwamba ni pombe ya ndizi. Akasema haya, akarudi Bwera.

Akaja mara ya pili. Nikamwambia umeme ulikuwa mdogo. Akasema haya. Safari hii alikuwa amevaa nguo nzuri, na kwenye mfuko alikuwa na fremu ya kioo aliyoipitia Kinyamaseke njiani. Niliiona nikajifanya sijaiona.

Mara ya tatu hakuulizia picha. Alivuta kiti, akakaa.

"Fundi, wewe iko naogopa. Umepoteza mama yangu?"

Hapo nikaishiwa. Nilitoa negative nikamwonyesha iko salama, halafu nikamweleza yote: balbu, karatasi, mpaka kwapa. Nilitegemea matusi, na yalikuwa haki yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho, na sikuweza kujua yale machozi ni ya kicheko au ya kitu kingine.

"Balbu ya zamani inakuwaka moto?" akauliza.

"Ndiyo, ile yenye joto."

"Sasa kwa nini unatafuta kwa duka? Ile iko kwa kuku."

Wafugaji wote wanawapa vifaranga joto kwa zile balbu, na mimi nimezunguka mji mzima nikiulizia madukani. Yeye ana mteja wake wa vitenge, mke wa mwanajeshi anayekaa barracks, anafuga. Akampigia palepale, tukaenda kumsubiri getini.

Yule mama alitoka na balbu ameifunga kwenye sweta. Mumewe ni sajenti lakini nadhani amri zinatoka kwake.

"Wewe ndiye wa picha? Simama vizuri. Nina vifaranga mia, nimevifunika blanketi. Nakupa muda wa saa moja na nusu. Kimoja kikifa, utakuja kukizika wewe mwenyewe."

"Sawa, afande," nikamjibu. Mumewe hakuwepo. Nilimwita yeye.

Tukarudi mbio. Balbu ilikuwa ya kioo kitupu, kiuzi kinaonekana, na mashine inataka ya kioo cheupe kama maziwa ili mwanga usambae sawasawa. Nikakata karatasi nyeupe nyembamba nikaiweka chini yake, mbali kidogo isiungue. Mwanga ukatulia mezani, laini, kila kona. Nikabonyeza taima. Ikakata, na balbu ikazima kama mtu mwenye adabu zake.

Nilimwacha Mama Zaitun aingie ndani. Baba mdogo hakuruhusu mteja darkroom, lakini mimi sikuwa na uso wa kumkataza.

Nikapandisha kichwa cha mashine juu kabisa mpaka wale wengine watatu wakatoka nje ya nafasi ya karatasi akabaki wa kwanza kushoto peke yake, ndipo nikaitoa karatasi ya mwisho. Nikakata ukanda wa upana wa kidole pembeni, nikaujaribu kwanza: sekunde tano, kumi, kumi na tano. Kumi ilikuwa nzuri. Kisha nikaweka kilichobaki. Safari hii nilikausha mikono kwanza.

Kumi. Ikazima. Nikaizamisha kwenye dawa.

Mwanzo hakuna kitu. Karatasi nyeupe. Mama Zaitun ananihemea shingoni. Kisha nywele zikaanza, halafu nyusi, halafu macho yakaja yote mawili pamoja. Karatasi ilikuwa ya zamani, kingo zimefifia kijivu, lakini uso ulitoka safi. Anacheka. Jua liko machoni mwake, anakunja uso kidogo, anacheka.

Mama Zaitun hakulia. Aliinama juu ya sinia mpaka nikaogopa ataingiza pua kwenye dawa.

"Fundi," akasema polepole. "Huyu ni mutoto."

Nikamwangalia tena yule wa kwenye sinia. Kweli. Hakuzidi miaka kumi na tisa.

"Zaitun wangu iko mukubwa kuliko huyu. Miaka yote mimi nalilia mama, nasema mama angekuwa hapa angenisaidia. Kumbe iko katoto." Akaigusa karatasi pembeni kwa ncha ya kidole. "Pole, mwanangu," akamwambia. "Pole sana."

Nilijifanya nahangaika na chupa.

Balbu ilirudi kwa wakati, vifaranga vizima, na nilipewa onyo jingine bure.

Sasa kwa wenye fani: sisemi LED zote ni mbaya kwa enlarger. Wapo wanaozitumia vizuri, wakichagua ya kawaida yenye kioo cha maziwa, wakajaribu kama inazima kabisa, na wakijua rangi ya mwanga wake inabadilisha picha. Ila ya chaji, kaeni nayo mbali. Na msitoe karatasi zote kwa mara moja.

Lakini kilichonikaa rohoni si balbu. Yule mama alisafiri kutoka Bwera mara mbili bure kwa sababu nilikuwa nalinda jina la fundi ambalo hakuna aliyelijua zaidi ya mke wangu, naye hakuliamini. Mama yake alikuwa kwenye droo yangu muda wote huo. Ningesema "nimekwama" Alhamisi ile, angenipeleka kwa kuku siku ileile.

Mliowahi kumzungusha mteja kwa aibu, mwageni yenu hapa nisiwe peke yangu. Kucheka ruksa. Na mwenye karatasi za picha popote alipo, hata kuukuu, aniandikie: Mama Zaitun anataka kuwaona wale wanawake wengine watatu, kwa sababu anasema kuna mmoja amemshika mkono mama yake, yule ambaye sasa anamwita mwanangu.