Matofali Chini ya Meza ya Cherehani

Mgongo ulinitesa miaka sita kabla muuguzi wa kituo cha afya hajaniingiza kwenye kundi la wagonjwa tisa wenye maumivu sugu. Tulihudumiwa pamoja kila Jumanne, tumekaa duara. Nilianza kwa shingo upande, maana sikuona wagonjwa wenzangu wangenisaidia nini.

Mimi ni fundi cherehani katika mtaa wa Biryogo. Jumanne ya tatu muuguzi akaniomba niwaonyeshe ninavyokaa nikishona, nami nikajikunja juu ya meza yake. Mzee mmoja mwashi, aliyekuja kwa ajili ya magoti, akatikisa kichwa.

“Dada, meza yako iko chini sana. Iinue kwa matofali.”

“Mbona daktari hakuwahi kuniambia?”

“Daktari hajakuona ukishona,” akasema muuguzi, tukacheka sote.

Jioni ile nikaweka tofali chini ya kila mguu wa meza. Maumivu hayakuisha, ila yalipungua, na mwezi uliofuata nilishona magauni manne ya harusi bila kulala sakafuni katikati ya kazi. Bado nahudhuria, na siku hizi nafika kabla ya muuguzi.